Baba amelazwa na influenza, kaka anataka ale keto tu wodini. Nishaurini wakuu

Binti Mzaramo: Wakuu habari za jioni. Baba amelazwa hapa Dar, wamempima wakakuta ni influenza imeshuka kwenye mapafu, yuko na oksijeni ya puani, anaongea ila anachoka haraka. Ana sukari ya miaka mingi na wodini wanamchoma insulini kabla ya kula. Sasa kaka yangu mkubwa alipiga keto, ule mlo wa kukata wanga na kula mafuta mengi, akapungua na sukari yake ikatulia, kwa hiyo kashikilia kwamba mtori na uji basi, tupeleke mayai, parachichi na supu yenye mafuta, eti keto inapambana na virusi na wanga unamjazia mgonjwa hewa chafu kifuani. Leo asubuhi karudisha hotpoti ya mtori nyumbani haijafunguliwa. Mama kabaki njia panda. Mliowahi kuuguza au mlio kwenye fani nisaidieni.

Mama Zamzam (nesi): Pole sana mdogo wangu. Kwanza hiyo insulini. Dozi wanayomchoma imepigiwa hesabu kwamba atakula wanga, sasa akichomwa halafu akaletewa mayai mawili na parachichi, sukari inashuka, unamkuta katota jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, na usiku wodini tunaweza kuchelewa kumuona. Msibadilishe chakula kimyakimya jamani, mwambieni nesi wa zamu kila mnacholeta. Swali lingine, nyumbani alikuwa anameza dawa gani za sukari?

Mla Parachichi: Kaka yako msimuone mbishi, vitu anavyosema vipo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa panya chakula cha keto kisha wakawaambukiza influenza, wakastahimili kuliko wale wa chakula cha kawaida, kuna seli za kinga ziliongezeka kwenye mapafu. Na la hewa chafu ni kweli pia, mwili ukichoma mafuta unatoa kaboni dayoksaidi kidogo kuliko ukichoma wanga. Hii diet ni tiba tangu 1921, hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani waliianzisha kwa wagonjwa wa kifafa.

Lishe Kwanza: Mkuu uko sahihi ila umeishia nusu. Hapohapo Yale mwaka 2016 walikuwa na panya wengine wenye influenza, waliopewa glukosi, yaani sukari inayotokana na wanga, wakapona vizuri zaidi, na waliozuiwa kuitumia wakafa. Sasa utamfuata panya yupi? Kwa binadamu, kipindi cha Covid kuna hospitali walijaribu keto, Genoa kule Italia mojawapo, matokeo yakaleta matumaini lakini wagonjwa walikuwa wachache mno kusema imethibitika, halafu ile ilikuwa inasimamiwa na timu ya hospitali, siyo hotpoti ya nyumbani. Binti, mzee mwenye homa anayechoka kutafuna anachopoteza haraka ni misuli, na misuli ndiyo ya kukohoa na kuvuta pumzi. Mzee wa kilo 70 anahitaji angalau gramu 70 za protini kwa siku na yai moja lina kama 6, kwa hiyo mayai ya kaka, na hata samaki, pelekeni tu kama figo zake ziko sawa, ila yakae pamoja na mtori, yasiufukuze. Mtori wenyewe usagieni nyama ndani, apewe kidogokidogo mara nyingi. Na mwombeni mtaalamu wa lishe wa hospitali ampitie.

Binti Mzaramo: Asanteni mno. Dada Mama Zamzam, mama kaangalia mkoba wake, kuna metformin na nyingine imeandikwa dapagliflozin. Anasema jana kammezesha maana nesi hakuikataza.

Mama Zamzam (nesi): Hakuikataza au hakuiona? Hiyo ya pili ndiyo nilikuwa naiogopa. Inatoa sukari kwa mkojo, na mgonjwa akiwa nayo huku hatumii wanga, ketoni, yaani asidi zinazotoka mwili ukichoma mafuta, zinaweza kupanda mpaka damu ikawa na asidi wakati kipimo cha sukari kinasoma vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Anaanza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, na nyie mtadhani ni mapafu. Mama asimpe tena kidonge chochote cha kwenye mkoba. Beba pakiti zote mbili, mwonyeshe daktari wa zamu leo hii, mwambie na kuhusu keto, uulize kama wampime ketoni.

Binti Mzaramo: Natoka sasa hivi. Kaka nimemsomea hii post yako kwenye simu, anakuja na gari tunaenda wote.