Naomba ushauri: vibarua wa palizi ya alizeti walipwe kwa ekari, siku au mstari?

Wakuu, shamba lipo mpakani mwa Kongwa na Kiteto. Nafasi ni sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo.

Kibarua akilipwa kwa ekari anakimbiza jembe: magugu yanafukiwa tu, mvua ikinyesha yanaamka. Kupunguza miche ndiyo kabisa! Shimo linaachwa na mitatu, inagombania unyevu, vichwa vinabaki vidogo kama kiganja. Kwa siku kazi ni safi, ila inakwenda polepole: wiki ya tatu tangu alizeti kuota inapita kabla hatujamaliza, na Februari mvua hukatika.

Naona bora kulipa kwa mstari wa hatua 70, nusu baada ya palizi, nusu miche ikishakaguliwa. Mliojaribu, mstari mnalipa shilingi ngapi? Chakula mnakikata humo humo?