Takwimu za taka ufukweni

Swali: Vijana wanaosafisha ufuko wapeleke takwimu gani ili watunga sera wasizipuuze? Kilo zinatosha?

Jibu: Kilo achaneni nazo. Chupa iliyojaa mchanga na maji hudanganya mzani. Hesabuni vipande. Pimeni mita 100 kwa futi kamba wakati wa maji kupwa, toka ukingo wa maji hadi majani yanapoanzia. Mwezi ujao rudini palepale, la sivyo hamna cha kulinganisha.

Jibu: Naongezea: andikeni pia chapa, yaani jina la bidhaa lililo kwenye kipande. Ndiyo inayombana mzalishaji. Vipande vilivyo chini ya sentimita 2.5 viandikieni safu yake, maana chupa moja ikipasukapasuka itahesabiwa mara ishirini.

Muulizaji: Na vifuniko?

Jibu: Kilichobaki kwenye chupa, hesabu moja. Kilichochomoka, kivyake.