Mwanasiasa akimwandikia mwajiri kuhusu msimamo wa mfanyakazi wake, ni maoni au ni shinikizo?

Mfuatiliaji wa Katiba
Wanajamvi, naomba ufafanuzi kuhusu sheria ya Marekani. Mwaka 2012 Emmett Burns, mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Maryland, alimwandikia mmiliki wa timu ya Baltimore Ravens akimtaka amnyamazishe mchezaji wake, Brendon Ayanbadejo, aliyekuwa akiunga mkono hadharani ndoa za jinsia moja, suala ambalo wananchi wa jimbo hilo walikaribia kulipigia kura. Timu ilisimama na mchezaji wake, na Burns akarudi nyuma. Je, timu ingetii na kumfukuza, nani angekuwa amevunja Katiba, ikiwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, yanaibana serikali na si kampuni binafsi?

Wakili Mstaafu
Ndugu, timu isingevunja Katiba, lakini afisa wa umma haruhusiwi kumtuma mwajiri afanye kile ambacho yeye mwenyewe amekatazwa. Katika kesi ya Bantam Books ya mwaka 1963, tume moja ya Rhode Island, isiyokuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu yeyote, ilikuwa ikimpelekea msambazaji wa vitabu orodha ya vitabu isivyovipenda, huku ikimshukuru mapema kwa ushirikiano wake, na haukupita muda kabla ya polisi kufika kuuliza amechukua hatua gani. Mahakama ya Juu iliona kuwa shukrani za namna hiyo ni amri. Mwaka 2024, katika kesi ya NRA, chama cha watetezi wa haki ya kumiliki bunduki, dhidi ya Vullo, aliyekuwa afisa wa jimbo la New York, majaji wote tisa walisisitiza kwamba afisa anaweza kukosoa atakavyo, ila hawezi kutumia mamlaka yake kuadhibu maoni kupitia mlango wa nyuma.

Mkazi wa Pwani
Kwa heshima yako, Wakili, Vullo alikuwa msimamizi wa kampuni za bima alizodaiwa kuzishinikiza zijitenge na NRA, na neno lake lilikuwa na uzito wa faini. Burns alikuwa mjumbe mmoja kati ya 141. Barua yake ilikuwa ya aibu, sikatai, lakini naye ana haki ya kusema upuuzi.

Wakili Mstaafu
Hoja yako ni nzito, na mahakamani huenda ingemwokoa. Hata hivyo, uwanja wanaochezea Ravens ni mali ya mamlaka ya viwanja ya jimbo hilo, na mmiliki wa timu hakuhitaji kukumbushwa hilo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Septemba 2025, pale Brendan Carr, mwenyekiti wa tume inayotoa leseni za utangazaji, alipoitaka televisheni ya ABC hadharani imchukulie hatua mchekeshaji wake Jimmy Kimmel, na siku hiyo hiyo kipindi chake kikasimamishwa, kikarejea baada ya siku chache.

Mfuatiliaji wa Katiba
Nashukuru. Na mfanyakazi asiye na jina kubwa afanyeje?

Wakili Mstaafu
Hapo ndipo pagumu. Katika kesi ya Murthy ya mwaka 2024, iliyohusu madai kwamba serikali iliishinikiza mitandao ya kijamii ifute maoni ya watu, walalamikaji walikwama kwa kushindwa kuonyesha kwamba madhara yao yalitokana na shinikizo la serikali, na mwajiri hakosi sababu nyingine ya kuandika kwenye barua ya kufukuza kazi. California ina sheria inayomkataza mwajiri binafsi kumtishia mfanyakazi kwa ajili ya siasa zake, kwa hiyo huko anaweza kumshtaki mwajiri moja kwa moja bila kumtafuta afisa. Majimbo mengi hayana kinga pana kama hiyo.