Mashine ya kahawa ya kapsuli inavuja chini na kahawa inatoka tone moja moja: nianzie wapi?

Kikombe cha Alfajiri (mtoa mada):

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninayo mashine ndogo ya kahawa ya kapsuli (vile vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa iliyosagwa), ile ya matumizi ya nyumbani, ambayo imenihudumia kwa miaka mitatu bila usumbufu wowote. Tangu mwezi uliopita imekuwa ikitoa kahawa kwa kusuasua, kiasi kwamba kikombe kidogo cha mililita 40, ambacho zamani kilijaa kwa takriban nusu dakika, kikawa kinahitaji dakika mbili. Kwa kuwa birika letu la umeme limejenga ukoko mweupe, nilihisi kwamba mashine nayo imeshikwa na chokaa. Kwa hiyo nilijaza tangi siki na maji nusu kwa nusu, nikayapitisha yote mfululizo mpaka tangi likakauka, kisha nikasuuza.

Hali imekuwa mbaya zaidi. Kahawa sasa inatoka tone moja moja, pampu inanguruma, na kila nikimaliza nakuta dimbwi dogo limeenea chini ya mashine. Kapsuli iliyotumika huanguka ikiwa imejaa maji, na ukingo wake umekunjamana. Fundi mmoja aliitazama bila hata kuichomeka kwenye umeme, akanishauri ninunue nyingine. Ninaomba kujua: je, siki ndiyo iliyoiharibu? Je, kuvuja na kuziba ni maradhi mawili au ni moja? Na je, ipo sehemu ambayo mtu asiye fundi anaweza kuigusa bila kujiletea hatari?

Fundi wa Jioni:

Pole kwa usumbufu, ndugu mtoa mada, na usikimbilie kununua nyingine. Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote.

Ndani ya mashine hizi maji husafiri njia moja tu: hutoka kwenye tangi, hupita kwenye vali ndogo iliyo chini yake, huvutwa na pampu, hupashwa moto katika mfereji mwembamba wa hita, huingia kwenye kapsuli kupitia sindano zinazoitoboa, kisha hutokea upande wa pili kwenye kisahani chenye vitundu kabla ya kufika kwenye mdomo. Pampu inaweza kufikisha presha ya baa 15 au hata 19, kama wanavyopenda kuandika kwenye maboksi, lakini presha hiyo haijengeki mpaka maji yakutane na kizuizi. Kahawa iliyosagwa ndiyo kizuizi kilichokusudiwa. Vitundu vya kutokea vikiziba, presha hupanda kuliko inavyoweza kuhimiliwa na mpira unaobana ukingo wa kapsuli, na maji hupenya pembeni, hushuka nyuma ya chumba cha kapsuli na kutokea mezani. Kapsuli iliyojaa maji na ukingo uliokunjamana vinanielekeza huko huko. Kwa maoni yangu mvujo wako umezaliwa na kuziba, na ukianza kubadilisha mipira kabla ya kuzibua, utakuwa umeitupa mipira iliyokuwa bado na uhai.

Hata hivyo, pima kwanza. Kausha mashine kabisa na uitandikie tishu nyeupe. Iache saa moja ikiwa na tangi lililojaa, bila kuiwasha. Tishu ikilowa, ugonjwa uko kwenye vali ya tangi au wosha yake, yaani kile kipete cha mpira kinachozuia maji, na pampu haihusiki. Kisha pitisha maji bila kapsuli, halafu pitisha na kapsuli, ukibadilisha tishu kila mara. Maji yasiyo na rangi yamevuja kabla ya kuigusa kahawa, na ya kahawia yamevuja baada ya kuigusa. Angalia pia kasi: maji yakitoka vizuri bila kapsuli na kukwama kapsuli inapowekwa, kizuizi kiko kwenye kisahani au kwenye kapsuli yenyewe, yakisuasua hata bila kapsuli, rudi nyuma kwenye sindano, hita na pampu.

Tishu Kavu:

Naomba niulize jambo linaloweza kuonekana la kitoto: trei ya chini umeimwaga? Nilihangaika siku nne nikitafuta ufa kwenye mashine yangu, kumbe trei ilikuwa imefurika, kwa sababu baadhi ya mashine hutemea humo maji ya presha iliyobaki kila zinapomaliza kikombe. Sikumweleza mtu yeyote nyumbani kilichokuwa kimetokea.

Mkono Mwepesi:

Mimi yangu ilipoziba nilichukua waya wa chuma, nikazichokoa zile sindano huku pampu ikiendelea kusukuma, na uchafu ukatoka wote. Ni kazi ya dakika mbili tu.

Fundi wa Jioni:

Ndugu yangu Mkono Mwepesi, ninafurahi kwamba bado una vidole kumi, lakini ninaomba wengine wasifuate njia hiyo. Maji yanayotoka kwenye sindano ni ya moto na yana presha, mkono uko karibu na umeme, na waya wa chuma huikwaruza sindano, hivyo uchafu hupata mahali pazuri zaidi pa kushika.

Mwalimu wa Maabara:

Nijibu la siki. Maji magumu hubeba kalsiamu iliyoyeyuka kama bikaboneti. Yakipashwa moto, bikaboneti huvunjika, kaboni dioksidi huondoka, na kinachobaki ni kalsiamu kaboneti, yaani ule ukoko unaouona kwenye birika lako. Asidi huuyeyusha, siki ikiwemo. Kwa hiyo hukukosea kanuni, ulikosea utaratibu. Asidi inahitaji muda wa kukaa na ukoko. Ukiipitisha mfululizo, huulegeza badala ya kuumaliza, na vipande vinavyobanduka husafiri na maji mpaka vikute njia nyembamba kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni tundu la sindano. Hiyo inaeleza kwa nini mashine iliyokuwa ikisuasua imeziba baada tu ya kusafishwa. Miongozo mingi ya watengenezaji inakataza siki kwa sababu nyingine: harufu yake hudumu, na ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha baadhi ya mipira. Kuitumia mara moja hakuiui mashine.

Binafsi natumia asidi ya sitriki ya unga, gramu 20 hadi 30 katika lita moja ya maji ya kawaida. Nasisitiza maji ya kawaida, kwa sababu kalsiamu sitreti, ambayo huzaliwa asidi hiyo inapokutana na chokaa, huyeyuka kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda, na mtu anaweza kuondoa ukoko mmoja akapanda mwingine. Tafadhali pia, asidi ya aina yoyote isikutanishwe na dawa ya klorini ya kung'arishia, kwa kuwa gesi inayotoka ni ya sumu. Ikiwa mwongozo wa mashine yako unataja dawa maalumu, na hasa ikiwa dhamana haijaisha, mwongozo huo utangulie mbele ya ushauri wangu.

Kikombe cha Alfajiri (mtoa mada):

Nawashukuru sana. Nimepima jioni hii. Trei ilikuwa tupu, kwa hiyo ndugu Tishu Kavu hana mwenzake kwa leo. Tangi likiwa limejaa na mashine imezimwa, tishu ilibaki kavu kwa saa nzima. Bila kapsuli, maji yanatoka kwa mchirizi mwembamba unaokatika-katika huku pampu ikipiga kelele, na tishu bado ni kavu. Nilipoweka kapsuli, yalitoka matone tu, na tishu ikalowa upande wa nyuma kwa rangi ya kahawia hafifu. Nimemulika chumba cha kapsuli kwa tochi nikaona kisahani kimefunikwa na utando mweusi unaonata.

Fundi wa Jioni:

Vipimo vyako vinaonyesha vizuizi vitatu kwa pamoja: hewa, chokaa na mafuta ya kahawa. Nitavipanga kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningeufuata.

Anza na hewa. Tangi lilipokauka wakati ulipokuwa ukipitisha siki, pampu ilivuta hewa, na pampu hizi hazina nguvu ya kusukuma hewa, kwa sababu hewa hubanwa tu ikarudi ilivyokuwa, huku maji yakibaki nyuma. Kelele unayoisikia na mchirizi unaokatika vinatokana na hiyo. Chomoa plagi, toa tangi, chukua bomba la sindano lisilo na sindano yake, lijaze maji, na uyasukume taratibu kwenye tundu ambalo tangi hukalia. Rudisha tangi likiwa limejaa, chomeka plagi, kisha pitisha maji bila kapsuli. Usiiache pampu inguruma kavu zaidi ya dakika moja, ipumzishe, urudie. Mara nyingi sauti hubadilika ghafla na kuwa nzito na tulivu, na hapo utajua kwamba maji yameshika.

Halafu shughulikia kisahani. Ule utando mweusi ni mafuta ya kahawa yaliyokauka pamoja na unga, na asidi haina kazi kubwa hapo. Sabuni ya vyombo ndiyo dawa yake. Chomoa plagi tena, subiri mashine ipoe, lowesha mswaki laini kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, usugue kisahani bila haraka, kisha uondoe povu kwa kitambaa chenye maji safi. Vitundu vilivyobaki na uchafu vizibue kwa kijiti cha mbao cha kuchokolea meno. Vidole vikae mbali na sindano, kwa sababu zimechongwa kutoboa alumini na hazichagui.

Mwisho ni chokaa. Pitisha robo ya tangi la asidi ya sitriki, zima, subiri dakika 20, pitisha robo nyingine, na uendelee hivyo mpaka iishe. Suuza kwa matangi mawili kamili ya maji safi. Skrubu za mwili wa mashine usiziguse: humo ndani kuna umeme wa nyumba, fyuzi ya joto na mabomba yanayobeba presha, na hakuna lolote kati ya hayo linalohusiana na dalili ulizozieleza.

Wosha na Bomba:

Naongeza moja tu. Chokaa ikiisha kabisa, mvujo mpya unaweza kujitokeza, kwa kuwa wakati mwingine chokaa yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba pengo la mpira uliochakaa. Ukiuona mpira wa chumba cha kapsuli umekuwa mgumu, umepasuka au umebonyea upande mmoja, ubadilishe. Ukiwa bado mzima, upake grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula, kiasi cha kuung'arisha tu. Usipake mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli, kwa sababu huivimbisha baadhi ya mipira inayotumika humu, nayo ikivimba haikai tena mahali pake.

Kikombe cha Alfajiri (mtoa mada):

Narudi na taarifa. Hewa ilitoka kwa jaribio la tatu la bomba la sindano, na kweli sauti ilibadilika ghafla. Kisahani kilinichukua karibu saa nzima, kwa kuwa utando ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Asidi ilipopita mara ya pili, chembe nyeupe zilionekana kwenye kikombe, na baada ya hapo maji yakaanza kutoka kwa mchirizi ulionyooka. Kikombe cha mililita 40 sasa kinajaa kwa sekunde 28. Tishu imebaki kavu kwa vikombe sita mfululizo, na mpira wa kapsuli sikuugusa.

Limebaki jambo moja. Hutumia pia kapsuli za chuma za kujaza mwenyewe, na nikiweka moja ya hizo tishu hulowa kidogo, ilhali kwa zile za kununua hailowi. Je, mpira umeanza kuchakaa?

Fundi wa Jioni:

Mpira ungekuwa umechakaa, kwa kawaida ungevuja hata kwa kapsuli za kununua. Saga kahawa yako iwe na punje kubwa kidogo, usiishindilie, na uache nafasi ndogo juu kwa sababu kahawa huvimba inapolowa. Kabla ya kufunga, pangusa ukingo wa kapsuli kwa kidole kikavu. Punje chache tu zikilala chini ya mpira, maji yatarudi mezani.