Luninga mpya ya inchi 43: matundu gani ya kuchomekea nyaya yasikosekane?

Mkazi wa Nkuhungu:
Habari za jioni, ndugu zangu. Luninga yetu imepasuka kioo, nami nimetenga fedha za kununua nyingine ya inchi 43. Nyumbani tuna kisimbuzi cha zamani chenye matundu ya nyaya tatu tu, za njano, nyeupe na nyekundu. Tuna sabufa inayopokea sauti kwa waya mwekundu na mweupe, na kijana wangu ana PlayStation 4. Hapa mjini nimezunguka maduka matatu, na kila muuzaji alinisifia ung'avu wa picha, lakini nilipouliza kuhusu matundu ya nyuma, mmoja alinijibu, "Mzee, yote yapo." Je, niangalie nini kabla ya kulipa?

Fundi wa Majengo:
Shikamoo, mzee wangu. Kwa mashine ya michezo, tundu lolote la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, linatosha. Ukitajiwa HDMI 2.1 ili uongezewe bei, fahamu kwamba faida yake kubwa ni picha 120 kwa sekunde katika 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana, na PlayStation 4 haifiki huko.

Wasiwasi wangu uko kwenye sabufa. Luninga nyingi za sasa hazina tena tundu la spika za masikioni wala la kutolea sauti kwa nyaya nyekundu na nyeupe. Zimebakiza tundu linalotoa sauti kwa mwanga, linaloandikwa "Optical", na HDMI moja yenye alama ya ARC, yaani inayoweza kutoa sauti ya luninga kwenda kwenye spika, na sabufa yako haiwezi kutumia hata moja kati ya hayo. Ukikuta hali hiyo, utalazimika kununua kigeuzi kidogo cha sauti, kisha kwenye mipangilio ya luninga uchague PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa, la sivyo unaweza kuambulia kimya au mkwaruzo. Kuhusu kisimbuzi, luninga nyingine zimeunganisha nyaya zile tatu katika kitundu kimoja chembamba chenye waya wake maalumu, kwa hiyo boksi lifunguliwe mbele yako uone kama waya huo umo.

Mama wa Ilazo:
Naongeza jambo ambalo halisemwi dukani: matundu yanatazama wapi? Yangu yanatazama nyuma moja kwa moja, nami niliitundika ukutani kabla ya kuchomeka chochote. Waya wa HDMI ulikunjika ukagusa ukuta, picha ikawa inakatika, na fundi akalipwa mara ya pili kuja kuishusha. Kama utaitundika, tafuta yenye matundu ubavuni. Na flashi ya filamu utakayochomeka ikiwa katika FAT32, mfumo mmojawapo wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofikia GB 4, kwa hiyo usiilaumu luninga.

Mkazi wa Nkuhungu:
Marahaba, fundi, na asante sana, mama. Leo asubuhi nilikwenda dukani na waya wa sabufa mfukoni, muuzaji akacheka, ila alipogeuza luninga ya kwanza tulikuta "Optical" peke yake. Ya pili, ya bei ya chini kidogo, ina HDMI tatu, mbili zikiwa ubavuni, pamoja na tundu la spika za masikioni, ambalo sabufa imelikubali kwa waya wa kuunganishia wa bei ndogo. Waya maalumu wa kisimbuzi haukuwemo kwenye boksi. Walifungua boksi jingine wakanipatia kabla sijalipa.