RNA imepanda kwenye seli 4: jenomu ya kiinitete imeshawaka?

Mleta mada: Wadau, nachambua data ya Smart-seq2 (njia ya kusoma RNA ya seli moja moja) ya viinitete vya binadamu, kuanzia yai hadi seli 8. Jeni kadhaa zinapanda mara mbili zikifika seli 4. Niandike kwamba kiinitete kimeanza kunukuu jeni zake, yaani kutengeneza RNA mpya kutoka DNA yake?

Jibu 1: Usiandike bado, mkuu. Smart-seq2 hunasa RNA kwa oligo-dT (kipande kifupi cha DNA chenye herufi T tupu, kinachoshika herufi A), kwa hiyo inaona tu ile yenye mkia wa A. Yai limejaa RNA ya mama iliyowekwa akiba ikiwa na mkia mfupi. Sitoplazimu ikirefusha mikia hiyo, RNA ile ile ya zamani inaanza kunaswa, na grafu inapanda bila jeni hata moja kunukuliwa.

Halafu angalia ulivyosawazisha. RNA ya mama inaoza siku hadi siku. Ukigawa kwa jumla ya RNA ya kila seli, RNA isiyooza itaonekana kama inaongezeka. Kama molekuli za ERCC (RNA bandia za kiasi kinachojulikana) ziliwekwa kwenye bafa ya kupasulia seli, tumia hizo kama kipimo.

Jibu 2: Tenga kwanza vipande vya introni (sehemu za RNA mpya ambazo baadaye hukatwa na kutupwa). RNA ya akiba imeshakatwa introni zake, hivyo zikiongezeka ni dalili ya unukuzi mpya. Oligo-dT huzipata chache, kwa kushika mistari ya A iliyo ndani ya RNA. Kwa kuwa ni chache, jumlisha jeni nyingi pamoja. Ushahidi mzito zaidi ni RNA yenye aleli za baba (matoleo ya jeni yaliyotoka kwake), maana hiyo haiwezi kuwa akiba ya mama, ikiwa una DNA ya wazazi wote wawili.

Braude, Bolton na Moore mwaka 1988 walizuia unukuzi kwa alfa-amanitini, wakaonyesha jeni huanza kutumika kati ya seli 4 na 8. Wimbi kubwa bado liko hapo, ingawa mwaka 2022 ulionekana unukuzi hafifu tangu seli 1. LEUTX na ZSCAN4, jeni zinazowaka kwenye wimbi hilo, zikiwa kimya kwenye viinitete vyako vya seli 8, shuku sampuli kabla ya kushuku biolojia.

Jibu 3: Naongezea kuhusu sampuli. Usipange kwa siku peke yake: kiinitete cha siku ya 3 chenye seli 4 huenda kimekwama, usikichanganye na cha siku ya 2. Pia chora wastani wa jeni kwa kila kromosomu. Seli zenye kromosomu pungufu au ya ziada ni nyingi sana hatua hizi, na kromosomu nzima ikipanda kwa pamoja, hilo si suala la jeni kuwashwa.