Chanjo ya kimeta ni bakteria hai, mbona haiui ng'ombe?

Mfugaji_Rujewa: Wakuu habari za jioni. Niko Mbarali, nina ng'ombe 14. Jana bwana mifugo kapita kuchanja kimeta, nikamuuliza kwenye kichupa kuna nini akasema ni vimelea vya kimeta vyenyewe tena vizima. Sijalala. Mwaka juzi dume la jirani lililala zima asubuhi tukalikuta limekufa, damu nyeusi puani na haigandi, sasa mimi nimewachoma wangu kitu kilekile? Mwenye kuelewa anieleweshe.

Maabara_Uyole: Pole mkuu, wako salama. Ukali wa kimeta umebebwa na plasmidi mbili, yaani vijipete vya DNA vinavyokaa pembeni ya kromosomu. pXO1 ndo ina jeni za sumu, ile inayoua. pXO2 inamtengenezea bakteria koti la nje, akishalivaa seli nyeupe za damu zinashindwa kummeza, anazaliana anavyotaka. Sasa wa kwenye chanjo hana pXO2, Max Sterne alimpata Afrika Kusini miaka ya 1930, plasmidi zenyewe zilikuja kujulikana miaka ya 1980 huko. Sumu anatoa kidogo, mwili unaijua na kujiandaa, ila koti hana kwa hiyo analiwa mapema.

Mama_Ndama: Na akiokota hiyo plasmidi huko mwilini je?

Maabara_Uyole: Swali zuri dada. Plasmidi za bakteria wengine zinahama kirahisi, hizi za kimeta haziwezi kujihamisha zenyewe. Lakini ujue nguvu yake, kule msitu wa Taï, Ivory Coast, sokwe wamekufa kwa bakteria wa ukoo wa Bacillus cereus, siyo kimeta chenyewe, ila ana plasmidi zote mbili kama za kimeta. Ndo maana nasema ubaya uko kwenye hivyo vipete. Mbuzi tu ndo wawe na uangalizi, wengine wanavimba sana wakichanjwa.

Mfugaji_Rujewa: Asante sana mkuu, nimepumua. Ila kuna ndama mmoja juzi nilimdunga OTC, ile antibiotiki, ana shida?

Maabara_Uyole: Hatadhurika, ila OTC inawazuia bakteria wa chanjo wasizaliane kabla mwili haujajifunza, huyo mhesabu hajachanjwa. Mpigie bwana mifugo leo akupangie siku ya kurudia dawa ikishaisha mwilini. Na akifa ng'ombe ghafla hivyo tena kwa jirani msimpasue jamani, hewa ikiingia bakteria wanageuka mbegu zinakaa kwenye udongo miaka na miaka.